Namba Tisa Ameondoka, Wanne Wamebaki

Hotuba ya mweka hazina wa klabu mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, kama ilivyotolewa, kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa kamati ya utendaji, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu sana.

Naona jezi namba tisa zimejaa humu ndani. Katibu alipokuwa anasoma kumbukumbu za mkutano uliopita nilijaribu kuzihesabu, nikapotea nilipofika ishirini na kitu. Najua kwa nini mmezivaa leo. Mmezivaa ili nizione. Nimeziona, ndugu zangu, na nitawajibu, kwa sababu barua ya kumruhusu mshambuliaji wetu namba tisa aondoke ina saini mbili, na moja ni yangu.

Nianze na yeye mwenyewe. Mtu huyu ametuchezea misimu sita. Amewahi kufunga akiwa na kidole cha mguu kimevunjika, sisi tukaja kujua wiki mbili baadaye. Mechi ile ya mvua, tuko nyuma kwa mabao mawili, watu wameshaanza kutoka uwanjani, ni nani aliyeuokota mpira wavuni akaukimbiza hadi katikati? Ni yeye. Basi asitokee mtu hapa leo, eti kwa kuitetea kamati, akasema jamaa alikuwa amekwisha. Hajakwisha. Tumemwacha mchezaji mzuri aende, na imeniuma kama ilivyowauma ninyi.

Sasa kwa nini?

Pale getini mzee mmoja amenishika mkono akaniambia, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Nimetembea na maneno hayo kutoka getini mpaka kwenye kiti. Mzee, nakuona umekaa pale mbele, na umesema kweli. Ila tuulizane: katika nyumba hii yetu, mbachao ni upi, na msala upitao ni upi? Upande mmoja tuna mshambuliaji wa miaka 30, amebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba, na wakala wake anadai mitatu mingine kwa karibu mara mbili ya mshahara wa sasa. Upande wa pili tuna vijana wanne, kipa, mabeki wawili na kiungo, ambao wamelelewa hapa tangu enzi za jezi kuwafika magotini. Mbachao ni ule mkeka unaoukalia kila siku mpaka ukasahau kwamba upo. Sisi wetu tulikuwa tumeusahau.

Na nitawaambia nilijuaje.

Misimu miwili iliyopita tulikuwa na beki wa kushoto. Wengi wenu mnamkumbuka kwa krosi zake. Mama yake alikuja ofisini kwangu mara tatu. Mara ya kwanza aliniuliza, "Baba, mkataba wa mtoto unaisha, mna mpango gani naye?" Nikamjibu, "Mama, tupe muda kidogo, tunamalizia suala la namba tisa kwanza." Mara ya pili, jibu lilelile. Mara ya tatu hakukaa. Alisimama mlangoni, akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza yangu na kuinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa ofa ya klabu nyingine. Akaniambia, "Sikuja kukutisha. Nimekuja kukuaga, maana mmemlea vizuri."

Mmemlea vizuri. Neno hilo limenikaa kifuani misimu miwili.

Kijana akaondoka mkataba ulipokwisha, na hatukupata ada ya uhamisho hata kidogo. Tulimpokea akiwa na miaka 12. Wahenga walisema chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako, na siku zote nilidhani ni maneno ya kuwaambia watoto wavivu. Yalikuwa yananihusu mimi.

Lazima mwelewe jinsi mikataba ya vijana inavyokwenda, kwa sababu hapo ndipo penye mtego. Kanuni za FIFA hazimruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusaini mkataba unaozidi miaka mitatu. Ukimsainisha akiwa na miaka 16, mkataba unaisha akiwa na 19, yaani umri uleule ambao ameanza kuiva. Na tangu hukumu ya mwaka 1995 ya mahakama ya Ulaya katika kesi ya mchezaji Bosman, mchezaji aliyemaliza mkataba ni mtu huru, anakwenda anakotaka bila klabu kulipwa ada ya uhamisho. Miezi sita kabla ya mkataba kuisha tayari ana ruhusa ya kuzungumza na wengine. Sasa sisi vijana wetu wanne tuliwasainisha kwa pamoja, msimu mmoja, tena tukapiga picha nzuri sana siku ile. Waliosaini pamoja, mikataba yao inaisha lini? Inaisha pamoja. Na inaisha mwaka uleule ambao namba tisa anataka mkataba mpya.

Hela ni ileile moja. Nilikaa na daftari usiku, nikaandika upande huu jina moja, upande ule majina manne, na jumla zikawa karibu sawa. Nilirudia hesabu kwa sababu sikutaka iwe hivyo. Ikatoka hivyohivyo.

Na msidhani haya ni mambo ya klabu zisizo na uwezo. Liverpool walimpata Trent Alexander-Arnold akiwa mtoto wa miaka sita. Wakamlea, wakamkuza, akatwaa nao kila kikombe kikubwa. Mwaka 2025 mkataba wake ukafika ukingoni, akaenda Real Madrid, na Liverpool wakaambulia ada ndogo tu kwa kumruhusu atoke wiki chache kabla ya muda. Beki ambaye sokoni angeuzwa kwa hela nyingi mno! Mkataba haujali ukubwa wa uwanja wako.

Ndugu wanachama, naomba sasa niwapeleke mbali kidogo, maana kuna hela moja ambayo nimeifuatilia safari yake, na kila ninapoifikiria najifunza kitu.

Agosti 2017, Paris Saint-Germain walilipa euro milioni 222 kumchukua Neymar kutoka Barcelona. Hakuna aliyewahi kununuliwa kwa bei hiyo, kabla wala baadaye. Barcelona wamepoteza nyota, lakini mezani kuna mlima wa hela. Je, waliufanyia nini? Waliogopa pengo. Mashabiki wananuna, magazeti yanapiga kelele, na dunia nzima inajua wana hela mfukoni. Mwezi huohuo wakamchukua Ousmane Dembélé kutoka Dortmund kwa euro milioni 105, mbali na nyongeza. Januari 2018 wakamchukua Philippe Coutinho kutoka Liverpool, ada iliyoripotiwa kufika euro milioni 160 pamoja na nyongeza. Nyota katoka, nyota wawili wameingia. Kila mmoja kwa bei yake na kwa mshahara wake.

Sasa geukeni mtazame upande wa pili. Liverpool nao wamepoteza nyota. Coutinho ndiye aliyekuwa moyo wa timu ile, na mashabiki wake walilia kama mnavyolia ninyi. Lakini wao walijua hela inakwenda wapi. Januari hiyohiyo beki Virgil van Dijk akaanza kazi Anfield, uwanja wa Liverpool, kwa pauni milioni 75. Majira ya joto akaja kipa, Alisson. Na yule mtoto wa nyumbani, Trent, akaachiwa nafasi yake upande wa kulia wala hakuletwa jina kubwa la kumkalia.

Mnajua kilichofuata. Tarehe 7 Mei 2019, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, marudiano. Barcelona wameshinda mechi ya kwanza 3-0. Liverpool hawana washambuliaji wao, Salah na Firmino. Coutinho anaingia Anfield akiwa amevaa jezi ya Barcelona. Hadi dakika ya 60 matokeo ni 3-0 kwa Liverpool, na Coutinho anatolewa nje. Dakika ya 79 wanapata kona. Trent anauweka mpira chini, anaanza kuondoka kama mtu anayemwachia mwenzake apige. Ghafla anageuka, anapiga kona ya chini ya haraka, mabeki wa Barcelona bado wanapangana, mshambuliaji Origi yuko peke yake. Bao la nne, jumla 4-3, Liverpool wamepita. Kijana yule Trent alikuwa na miaka 20.

Kila nikiitazama kona ile huwa namtazama Trent kuliko mpira. Ni mtu mzima gani angethubutu kufanya hivyo usiku kama ule? Kulifanya lile kunataka mtu aliyekulia kwenye uwanja ule, anayeujua kama anavyoijua sebule ya kwao.

Na hela ya Neymar? Coutinho baadaye Barcelona walimpeleka Bayern Munich kwa mkopo, na Agosti 2020, siku Bayern walipowapiga Barcelona 8-2, mabao mawili ya mwisho alifunga yeye. Nasema haya bila kumcheka yeyote. Nasema kwa sababu klabu mbili ziliuza nyota ndani ya miezi sita, zote zikapata hela nyingi, na moja tu ndiyo iliyokuwa imejua mapema nani inataka kumjenga.

Lakini kisa cha Barcelona hakikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo iliyoninyima usingizi mimi kama mshika fedha.

Lionel Messi alifika Barcelona akiwa na miaka 13. Akafunga mabao 672. Kama kuna mchezaji duniani ambaye klabu yake haikupaswa kumwacha, ni yeye. Mwaka 2021 mkataba wake umekwisha, yeye anataka kubaki, klabu inataka abaki, amekubali hata kukatwa nusu ya mshahara. Mmeona wapi jambo lenye ridhaa ya pande zote likashindikana? Lilishindikana. Rais wa klabu, Joan Laporta, alieleza hadharani kwamba Messi akiwemo, mishahara ingefika asilimia 110 ya mapato. Asilimia 110! Unapata mia, unalipa mia na kumi, bado hujanunua hata nyavu za goli. Hata bila yeye walikuwa asilimia 95, na ligi ina kikomo cha matumizi. Hakusajilika. Tarehe 8 Agosti mtu mzima yule alisimama mbele ya kipaza sauti akalia, mkewe akampa karatasi ya kujifutia machozi.

Siku chache baadaye msimu unaanza, na Barcelona bado hawawezi kuwaandikisha wachezaji wapya. Gerard Piqué, beki mkongwe, akakubali mshahara wake ukatwe kwa kiasi kikubwa ili Memphis Depay na Eric García waweze kuandikishwa. Wakacheza. Na bao la kwanza la msimu ule alifunga Piqué mwenyewe, kwa kichwa. Oktoba, Pedri, mtoto wa miaka 18 aliyetoka Las Palmas, akasaini mkataba mpya hadi 2026.

Kwa hiyo hata wao mwisho wa siku walifanya tunachofanya sisi leo: mkubwa aliondoka, wadogo wakasaini. Tofauti ni kwamba wao walifanya wakiwa wamekabwa koo. Hawakupata ada yoyote. Hawakupata hata nafasi ya kumuaga uwanjani. Mimi sikutaka mkutano huu uje kuitishwa siku kama ile. Namba tisa tumemuuza akiwa bado ana mwaka mmoja, kwa hiyo ada imeingia. Tungesubiri hadi Januari, angeanza kuzungumza na wengine bure, na ninyi mngekuja hapa kuniuliza swali zito zaidi ya la leo.

Sasa niwe mkweli kuhusu gharama, maana nisipowaambia leo mtaiona wenyewe kwenye msimamo wa ligi.

Pierre-Emerick Aubameyang alikuwa nahodha na mfungaji wa Arsenal. Septemba 2020 akiwa na miaka 31 walimpa mkataba mpya wa miaka mitatu, na huko mitaani kila mtu alishangilia. Haikupita miaka miwili, Februari 2022 wakavunja mkataba kwa makubaliano, akaenda zake. Hawakuleta mshambuliaji mwingine mahali pake dirisha lile la usajili. Msimu ule Arsenal walimaliza wa tano, pointi mbili nyuma ya Tottenham, wakaikosa Ligi ya Mabingwa. Pointi mbili! Je, Aubameyang angezileta? Huenda. Hakuna anayeweza kukataa. Mwaka uliofuata walisimama nafasi ya pili, na mmoja baada ya mwingine vijana wao Martinelli, Saka na Saliba wakaweka saini mikataba mipya. Lakini ule mwaka wa pointi mbili ulikuwepo, na mashabiki waliuishi wiki hadi wiki.

Sisi nasi tutakuwa na mwaka wetu wa pointi mbili. Tutafika mechi, dakika ya 85, mpira unadundadunda mbele ya goli, na hakuna wa kuumalizia. Mtageuka kuniangalia jukwaani. Nitakuwa nimekaa palepale ninapokaa siku zote.

Kuna jambo linaniogopesha zaidi ya hilo, na naliweka wazi ili mnikabe nalo. Ukishaonja hela ya mauzo, mkono unazoea. Monaco walitwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 2017 na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wakaanza kuuza: Bernardo Silva, Mendy, Bakayoko, na Kylian Mbappé wa miaka 18 akaenda Paris kwanza kwa mkopo, kisha kwa euro milioni 180. Msimu uliofuata walishika nafasi ya pili, watu wakasema hawa jamaa ni mahodari. Mwaka 2019 wakamaliza wa 17, wakaponea chupuchupu kushuka daraja. Waliouzwa walikuwa makinda walewale ambao klabu ilipaswa kujengwa juu yao. Na vitabu vya hesabu vinashawishi hivyo, ndugu zangu: kijana uliyemlea mwenyewe hukumnunua, kwa hiyo ukimuuza ada yote inasomeka kama faida. Kwa mshika fedha hicho ni kishawishi kikubwa, na mimi ni binadamu.

Kwa hiyo naomba mkutano huu upitishe azimio, na katibu aliandike: hela ya namba tisa isiguswe kwa kazi nyingine yoyote kabla ya saini nne kukamilika. Hata paa la jukwaa lisubiri. Najua linavuja, na wa kwanza kulowa ni mimi.

Hadi asubuhi hii saini tatu zimepatikana. Kipa alisaini Jumatatu. Alisoma kila ukurasa kwa sauti ya chini huku baba yake akifuatisha kwa kidole, tukasubiri karibu saa nzima, na sikumharakisha. Mabeki wamesaini juzi. Wa nne, kiungo, bado. Mama yake amesema atakuja naye wiki ijayo. Safari hii sikusubiri aje ofisini. Nilikwenda mimi nyumbani kwao.

La mwisho ni kuhusu jezi. Mtunza vifaa amenifuata kuniuliza namba tisa apewe nani. Wapo waliopendekeza apewe kinda wetu mmoja wa timu ya vijana, kwa kumtia moyo. Nimesema hapana, na kocha amekubali. Messi alipoondoka, jezi yake namba kumi alivalishwa Ansu Fati, mtoto wa miaka 18 aliyekuwa anatoka kwenye majeraha. Alikuwa na kipaji kikubwa mno, lakini majeraha yakamwandama, na kila alipoanguka alianguka akiwa na namba ile mgongoni. Miaka miwili baadaye alikwenda kutafuta dakika za kucheza kwingine kwa mkopo. Sijui mzigo huo ulichangia kiasi gani, ila sitaki kuutwika kwa mtoto wetu. Msimu huu namba tisa haitavaliwa na mtu.

Na ninyi mlioivaa leo, endeleeni kuivaa. Ratiba imetoka, na mwezi wa tatu atakuja hapa na timu yake mpya. Atapitia kwenye njia ileile ya wachezaji, ila atageuka kwenda chumba cha wageni. Siku ile aliyokuja kuaga alinikabidhi ufunguo wa kabati lake, akaniuliza jambo moja tu: "Watanizomea?" Nilimwambia sijui, nitawauliza.

Basi ndilo ninalowauliza. Atakapotokea pale mlangoni, mimi nitasimama na kumpigia makofi. Nani atasimama pamoja nami?

Asanteni sana.